Mate ya Mjomba Jacques

Suruali ya Jacques niliipunguza kiuno mara ya kwanza kabla ya Pasaka. Akasema ni mfungo. Nikanyamaza, maana mtu akishakutajia mfungo huwezi tena kumwuliza amekula nini. Baada ya Pasaka akaileta tena. Nikaipunguza, na safari hii mifuko ya nyuma ikakaribia kukutana kama majirani wanaotaka kusengenyana. Nikamwambia, "Jacques, ukiirudisha tena nitakushonea kaptula mbili, kitambaa kitatosha." Akacheka, akaomba maji. Akanywa jagi zima, halafu akauliza choo kiko wapi, kana kwamba choo changu huwa kinahama.

Mimi nashona. Cherehani yangu iko dirishani, ghorofa ya pili, Umbilo Road, hapa Durban, na kutoka pale namwona anayetoka duka la pombe Jumamosi, na Jumapili kanisani namwona anayeimba kwa sauti kuliko wote. Mara nyingi ni mtu mmoja. Simsemi kwa watu. Namwambia Mungu tu, Naye anajua tayari, kwa hiyo si umbea.

Jacques ni Mkongo, ana duka la simu Isipingo, karibu na stendi ya taxi. Ukutani ameandika kwa rangi nyekundu: SIMU NA MAJI NI MAADUI. WARANTI HAIKO. Mteja akileta simu iliyoanguka kwenye ndoo, Jacques haanzi na simu, anaanza na mahubiri. Nimewahi kumsikia akimkemea mama mmoja mpaka yule mama akatubu dhambi nyingine kabisa.

Jacques huyu ndiye mjomba wa Carmel. Si wa damu, ni wa kupewa. Marie-Louise, mama yake Carmel, aliingia Durban na mtoto mgongoni, na kaka zake walibaki Congo, wengine juu ya ardhi na wengine chini. Sasa kwao mtoto hafungi safari ya maana bila mjomba, kaka wa mama, kumtemea mate kidogo kifuani na kwenye paji la uso na kumwambia maneno mazuri. Tena yawe mate yake mwenyewe, siyo maji ya chupa, maana maji ya chupa ni baraka ya kampuni. Basi Wakongo wa kanisani kwetu walikaa, wakatafuta, wakampa Marie-Louise huyu Jacques awe kaka. Sifa zake zilikuwa mbili: anatoka upande wao, na alikuwa na koti.

Mimi ni Mnyakyusa, Mmoraviani wa kuzaliwa. Kwetu baraka ni kavu. Lakini nimekaa na hawa watu miaka, na nilimwona Tiffany, dada yake Carmel, akiolewa bila kumsubiri mjomba aliyekuwa amechelewa kwenye foleni ya magari. Ndoa ile ilidumu mpaka keki ilipoisha. Tangu siku hiyo ukimgusia Marie-Louise habari ya mate ya mjomba, hataki utani.

Na Carmel alikuwa anasafiri. Huyu binti kasoma miaka mitatu kazi ya kumsaidia daktari: anapima, anashona kidonda, anatoboa jipu, anaweka dripu, ila karatasi ya dawa lazima daktari aitie sahihi. Kwetu Tanzania tungemwita tabibu. Wakenya wana jina lao, serikali ya hapa ina lake refu zaidi, na kanisani anaitwa Dokta na mjadala unaishia hapo. Mkataba wake kwenye kliniki moja hapa mjini uliisha, na kwa makaratasi ya mkimbizi kazi nyingine haikutokea. Akawa anakaa kwenye duka la Jacques, anabandika plastiki kwenye vioo vya simu. Mkono uliofundishwa kushona nyama ya mtu, unafukuza mapovu ya hewa kwenye Samsung.

Halafu hospitali moja ya jimbo la mbali, Northern Cape, ikampigia. Jimbo la kondoo, mawe na baridi. Jumatatu asubuhi aripoti. Asipofika, yuko mwingine anayesubiri nafasi hiyo hiyo. Basi lilikuwa la Jumapili jioni. Mimi nikaanza kumshonea koti zito, ndani nimeweka blanketi.

Jumamosi tukakusanyika kwa Marie-Louise kwa ajili ya baraka. Sombe, kisamvu chao, ikapikwa, samaki wakakaangwa, fufu, ugali wao, ikakaa mezani kama kichwa cha mzee. Mchungaji Omwenga, Mkisii, alishatuonya kwenye mahubiri kwamba mambo ya kutemeana mate ni ya gizani. Alikuwa wa kwanza kufika, akakaa karibu na samaki.

Jacques hakuja. Alituma sauti kwenye simu, na Marie-Louise akaiweka wote tusikie.

"Dada, pardon. Usiku niliona ndoto. Kondoo mweusi iko nasimama mbele ya basi, iko nanikatalia na kichwa. Carmel asiende kwanza. Tungoje mwezi ingine."

"Mwezi mwingine!" Carmel akasema. "Kondoo ndiye atanilipia nyumba?"

"Ndoto ni ndoto," mama yake akasema, lakini macho yalikuwa yanamtoka.

"Ni duka!" mtu akasema kutoka jikoni. "Nani atamubandikia plastiki?"

Wote tukaitikia kwamba ni duka. Mimi pia niliitikia, tena kwa sauti. Mchungaji akasema ndoto ya kondoo mweusi inahitaji kukemewa, ila ataikemea baada ya kula.

Carmel alinisindikiza mpaka mlangoni kwangu. "Mama Atu, mimi nitaenda tu."

"Na mama yako?"

Tulijua wote wawili. Marie-Louise angejilaza mbele ya matairi, na ni mwanamke mwenye mwili, basi lisingepita.

Jumapili sikusikia mahubiri. Mungu anisamehe, au asinisamehe, kwa sababu naamini Yeye ndiye aliyenigeuza shingo. Nilikuwa namwangalia Jacques. Katikati ya wimbo midomo yake ilinata, akaibandua kwa ulimi, na ulimi nao ukanata. Akatoka nje. Akarudi na chupa ya soda, akainywa yote wakati wa sala, macho wazi. Akatoka tena. Shingo yake ilikuwa inacheza ndani ya kola kama kengele.

Na mimi ndani yake nikamwona Gosbert wangu. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya makontena bandarini, na siku zake za mwisho chupa tupu za maji zilikuwa zinagongana kwenye kebini mpaka unamsikia kabla hujamwona. Tulisema ni joto la Durban. Nilimzika mwezi wa saba, watu wamevaa masweta.

Ibada ilipoisha nikamshika Jacques mkono pale mlangoni. "Njoo upime koti la suti yako."

"Sikukupa koti, Mama Atu."

"Ndiyo maana nataka upime."

Mtu anayeshonewa na mwanamke mmoja kwa miaka haulizi sana. Akaja. Carmel alikuwa chumbani kwangu anajaribu lile koti la blanketi, mlango umerudishwa. Nikamkalisha Jacques kwenye kiti cha wateja, nikamwekea sahani mapajani.

"Tema mate."

"Pardon?"

"Hapo kwenye sahani. Tema nione."

Akaniangalia kama nimemwambia avue. Kisha bega likamshuka, na Jacques mwenye maneno, Jacques wa mahubiri ya ndoo, akaanza kulia. Hata machozi yalikuwa machache.

"Mama Atu, haikuwa ndoto. Hakukuwa kondoo. Jumamosi asubuhi nilisimama mbele ya kioo, nifanye répétition, mazoezi kidogo, nisiaibike mbele ya watu. Nikafanya puu. Hakuna. Nikanywa maji, nikangoja, puu. Upepo tu! Unajua kwetu mjomba akikauka kinywa maana yake nini? Wazee wa kaburini wamemukatala. Wananiambia, weye ni nani? Nani alikuita kaka? Nikienda pale nikamutemea mtoto upepo, ile ni laana. Atapanda basi na laana. Sasa ni bora aniseme mubaya, aseme nataka abandike plastiki."

"Na wazee hao hao ndio wanaokukojoza usiku kucha?"

"Nani alikuambia?"

"Na suruali? Wazee ndio wanaoivuta?"

"Mama Atu, usichezee wazee."

"Siwachezei. Nasema hawana muda huo. Carmel!"

Mlango ulifunguka kabla sijamaliza jina. Alikuwa amesikia yote, amesimama ndani ya koti langu, mabega yamekaa vizuri, mkono wa kushoto unahitaji kushushwa kidogo. Mkononi alikuwa ameshika kile kifuko chake cha vipimo; kazi ilimwacha, lakini chenyewe hakikumwacha.

"Mjomba, nipe kidole."

"Non! Mjomba hatolewi damu na mupwa wake. Heshima iko wapi?"

"Nimekaa na wewe dukani miezi yote, kila nikitaka kukupima unasema heshima. Nipe kidole."

"Ni kidole tu, Jacques," nikasema. "Angetaka suruali ningekutetea. Ingawa suruali inajiendea yenyewe."

Akatoa kidole huku amegeukia ukutani, kwenye picha ya Gosbert, kana kwamba wanaume wawili wakitazamana heshima inabaki. Carmel akamdunga, akakamua, akaweka tone kwenye mashine. Tukasubiri. Carmel akaangalia, akafuta mkono kwenye sketi, akapima tena kwenye kidole kingine.

"Inasema nini?" Jacques akauliza ukutani.

"Imeshindwa kuhesabu. Sukari imepita mwisho wake."

"Kama mimi na watu wa kodi," akasema, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye.

Carmel alimwinamia akanusa pumzi yake jinsi unavyonusa maziwa ya juzi. Akamvuta ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu mwingine, ya kazini. "Hospitali. Sasa hivi. Si kesho, si baada ya chai." Akapiga simu kwa daktari wa ile kliniki yake ya zamani, akamweleza haraka haraka kwa Kiingereza, akaitikia yes, yes, yes, akakata. Halafu akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya cherehani.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Nampeleka."

"Na basi?"

"Liende."

Hapo ndipo Marie-Louise alipoingia, anaburuta sanduku la bluu lililofungwa kamba, maana tulikuwa tumepatana tuondokee kwangu. Tukamweleza. Alikaa chini taratibu, akatazama sahani tupu, akamtazama kaka yake wa kupewa.

"Kaka anakufa?"

"Hafi akiwahi," Carmel akasema.

"Ahimidiwe Bwana." Akavuta pumzi. "Donc, basi, mate haiko. Donc hauendi. Imeisha."

"Mama!" Na sasa Carmel ndiye aliyekuwa analia. "Kazi yenyewe ni ya kungoja mtu atie sahihi. Siwezi kumwekea Mjomba hata dripu bila daktari kukubali. Sawa, nimesomea hivyo. Lakini hata basi? Hata kupanda ngazi ya basi lazima mtu anisainie na mate?"

"Tiffany alisema vile vile."

"Tiffany aliolewa na mlevi! Hiyo hata Mjomba angemtemea bahari nzima isingesaidia!"

"Mutoto asende," Jacques akasema, halafu akajirudi, "nasema, aende. Aende bila mate."

"Jacques, funga hicho kinywa chako kikavu," Marie-Louise akamjibu.

Nikaona hawa watu nikiwaacha, mmoja atakosa kazi, mmoja atakufa, na mmoja atakuwa na haki. Nikavaa viatu. "Carmel, vaa koti. Kwenda kukaa kwenye benchi la hospitali hakuhitaji cheti, nimeshakaa sana. Mimi naenda na Jacques. Wewe nenda stendi na mama yako na sanduku lenu. Niandikie hapa matokeo ya kipimo niwape. Na wewe Marie-Louise, usimshike mtoto mpaka dereva apige honi ya mwisho. Mungu anaweza kufanya mengi kabla ya honi ya mwisho."

"Na asipofanya?"

"Basi mtagombana naye wenyewe."

Kwenye gari la kukodi Jacques aliegemea dirisha, macho nusu. Tulikamatwa na robot, taa za barabarani, kila kona, nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nikaomba kimoyomoyo, kwa maneno ya kawaida, maana Bwana na mimi tumeshazoeana. Nikamwambia: Bwana, Mchungaji Omwenga anasema mate ni ya gizani. Lakini Wewe mwenyewe ulitema chini, ukafanya tope, ukampaka kipofu machoni, na hakuna aliyekuita mshenzi. Mate unayajua. Mpe huyu mtu uhai kwanza. Ukishampa uhai, ongeza na mate. Hata ya kijiko.

Hospitalini walitaka kutupanga kwenye foleni, nikatoa kile kikaratasi cha Carmel, nesi akakisoma, akamtazama Jacques, akasema "Eish, baba," na foleni ikafunguka. Wakamlaza, wakamtundikia dripu, na baada ya muda nyingine. Sindano. Daktari kijana akauliza nani aliyempima. Nikasema ni mpwa wake. Akasema amefanya vizuri, ingekuwa kesho tungekuwa tunaongea mengine. Jacques alisikia.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikihesabu matone badala ya rozari, kwa kuwa Wamoraviani hatuna rozari. Jua lilikuwa limegeuka dirishani niliposikia kitu. *Cha.* Nikatazama. Jacques alikuwa amelamba mdomo. Akalamba tena.

"Mama Atu," akasema, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Iko nakuja."

"Nini?"

"Mate. Iko kidogo. Iko huku pembeni."

"Usimeze! Jacques, ole wako umeze!"

Akafunga mdomo, akaitikia kwa kichwa. Simu yake ilikuwa imezima; mwenye duka la chaja, na simu imezima. Nikatoa yangu, nikampigia Marie-Louise kwa picha. Akapokea pale pale. Nyuma yake kulikuwa na basi, injini inanguruma, dereva ananing'inia mlangoni anapiga kelele kwa Kizulu. Carmel alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya basi na mmoja chini. Na mama yake, kwa mkono wa pili, alikuwa amelishika koti langu mgongoni, amekamata blanketi na kila kitu. Nikauombea mshono.

"Ni honi ya mwisho!" Marie-Louise akalia. "Dereva amesema ya mwisho!"

"Mgeuze mtoto huku!"

Carmel akageuka. "Mjomba? Mjomba uko sawa?"

Nikamwekea Jacques simu mbele ya uso. Akainuka kwenye mto, mpira wa dripu ukamfuata. Alikuwa anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, upande wa pili anatunza akiba.

"Carmel. Mutoto wa dada yangu. Mimi nilikuwa najua siko mjomba wa damu. Walinipa wewe juu nilikuwa na koti. Mais, lakini leo umenitoa damu. Mara mbili, na bila heshima. Donc sasa tuko wa damu, hata wazee wakatae." Akameza kidogo, nikamfinya. "Enda. Mukono yako ishone, isiumize. Dokta wa kule asaini bila kuchelewa. Baridi ikuogope. Kondoo... hapana, kondoo niliongopa. Enda, mama, enda."

Na akatema. *Puu!* Haikuwa kijiko. Ilikuwa akiba ya wiki nzima, imetoka kwa nguvu, imetua katikati ya kioo cha simu yangu, kwenye uso wa Carmel, ikateremka kuelekea matundu ya sauti.

"Hhayi, baba!" nesi akapiga kelele kutoka kitanda cha tatu.

Kwa kupitia mate yale niliona kitu kimoja tu: mkono wa Marie-Louise ukiachia koti. Kisha picha ikatikisika, sauti ikakoroma kama mtu anayezama, na kioo kikawa cheusi.

Tukakitazama wote wawili. Nikaitikisa. Nikabonyeza. Jacques akajilaza, akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Simu na maji, Mama Atu," akasema polepole. "Nilisema. Niliandika hadi kwenye ukuta."

"Jacques."

"Waranti haiko."

Nililala sijui kama mtoto alipanda. Simu ikalala kwenye bakuli la mchele, na mimi nikamwambia Mungu kwamba nilisema ya kijiko. Jumatatu mchana ikaamka yenyewe, ikatetemeka ndani ya mchele mpaka punje zikaruka. Ilikuwa picha: Carmel kwenye geti la hospitali, nyuma yake mawe na mbingu kubwa, amevaa koti limefungwa mpaka juu, na mkono wa kushoto mfupi mno kwa sababu sikuwahi kuushusha.

Jacques alitoka Ijumaa na dawa zake na maagizo ya kula, na Marie-Louise akajipa kazi ya kumlinda na soda, kazi anayoifanya kwa ukali kuliko polisi wa bandari. Juzi ameniletea suruali niiachie kiuno kidogo. Mchungaji Omwenga alisikia habari yote, akasema ni Mungu aliyetenda, ila mate hayakuhusika. Nikamwambia aende akambishie Mungu, mimi nilikuwa nesi wa zamu tu.

Doa limebaki kwenye kioo changu, ndani kabisa, halifutiki, kama wingu dogo la manjano upande wa juu. Jacques kila Jumapili anataka kunibadilishia kioo bure, ananibembeleza kwa aibu. Nimekataa. Carmel akinipigia kwa picha baada ya zamu, amechoka, nywele zimefungwa, anaanza kunieleza habari ya mtu aliyekanyagwa na kondoo, mimi nainua simu kidogo, naishusha kidogo, mpaka lile doa linamkaa sawa sawa kwenye paji la uso.

"Mama Atu, mbona unatikisa hivyo?" ananiuliza. "Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Tulia hapo hapo. Usisogee."